Geuza Kidogo Kulia, Mzee

Kontena hufungwa kutoka nje. Ndani hakuna mshikio, hakuna tundu la ufunguo, hakuna chochote, kwa sababu waliolitengeneza walifikiria mitumba na matairi, hawakumfikiria mtu. Nimekuwa utingo wa malori toka Tunduma hadi Lubumbashi, nimelala juu ya makontena na chini ya makontena, na jambo hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulikumbuka ukiwa na shughuli ni kitu kingine.

Kontena letu lilikuwa juu ya kilima cha Nanyala, kwenye shamba la kahawa la Gwantwa. Gwantwa alilinunua ahifadhie mbolea, akatupa nusu yake sisi watu wa redio za ridhaa. Tuko wanne. Aziz anauza spea za malori Tunduma mjini. Loisi analima kahawa Iyula. Mwalimu Lusubilo amestaafu, anakaa hapohapo Nanyala, chini karibu na barabara kuu, ila nyumba yake iko nyuma ya kilima na mawimbi yanamfikia yakiwa yamechoka. Wa nne ni mimi, Abdulswamad, ambaye wote wananiita Mzee Swamadu. Mimi nilikaa kilimani na mitambo, kwa kuwa sikuwa na nyumba pengine popote.

Sisi hatuzungumzi tu redioni, tunarushiana picha. Ni televisheni yetu wenyewe: kamera ndogo, mtambo wa kurushia, na antena juu ya bomba refu. Loisi akianika kahawa yake Iyula, Aziz anaiona Tunduma, kwa sababu inapita kwangu kilimani. Wasioijua kazi hii hutuuliza, kwani hamna WhatsApp? Tunawajibu kwamba tunayo.

Tuna desturi zetu. Picha yoyote ikirushwa lazima ionyeshe herufi za kituo, zile tulizopewa kwenye leseni. Za kwetu kilimani nilizipaka kwenye kadi kubwa nikaibandika ukutani nyuma ya kiti. Halafu ukipokea picha ya mwenzako, unaipa alama, kuanzia sifuri ambayo ni chenga tupu, mpaka tano ambayo unaweza kuhesabu nywele za ndevu. Na alama ndiyo salamu. Unaweza kumwona mtu kavaa kanzu mpya ya Idi, humwambii umependeza. Unamwambia, "Picha tatu, chenga kidogo upande wa kushoto." Anafurahi kuliko angesifiwa kanzu.

Na mlango unafungwa wakati wa kurusha. Mwanga wa nje ukiingia, uso wa mtu unakuwa mweusi kama sufuria.

Sasa siku hiyo bomba la antena lilikuwa limegeuzwa na upepo. Asubuhi nikatoka na redio ya mkononi na simu, nikaviweka juu ya jiwe chini ya bomba. Kazi yenyewe huenda hivi: unageuza bomba kidogo, unaingia ndani, unavuta mlango, unarusha, wenzako wanakupa alama, unatoka tena kugeuza. Redio kubwa ya ndani ilikuwa imeungua upande wa kutuma, ikabaki ya kusikia tu. Mtambo wa picha wenyewe haubebi sauti. Kwa hiyo ukitaka kuwajibu wenzako, unatoka nje, unashika ile redio ya jiweni.

Kilima kizima kilikuwa kinaondoka kwenda mazikoni, kitongoji cha jirani. Mimi sikuwa nimemfahamu marehemu, nikabaki na bomba langu. Nilikuwa nimeingia mara ya tatu au ya nne, redio nimeifungulia sauti yote, Aziz anapiga kelele kwamba picha inakuja na kukatika, niliposikia chuma kikiangukia chuma. Ko! Nikafikiri ni mbuzi. Mbuzi wa Gwantwa hujikuna kwenye kontena lile.

Nikanyanyuka kwenda kugeuza tena bomba. Nikasukuma mlango. Mlango ulikuwa ukuta; komeo la nje lilikuwa limeshuka.

Nikasukuma kwa bega. Nikaita, "Gwantwa! Mama we! Nipo ndani!" Nikapiga bati kwa ngumi, halafu kwa kiatu. Kwa mbali, chini kabisa, nikasikia lori likipangua gia kwenye mlima, likapita. Ukiwa ndani ya kontena unalisikia lori. Lori halikusikii.

Sikuogopa mara moja. Nilikaa kitini, nikajiambia maziko yana mwisho, watu watarudi. Kisha nikahesabu: watazika, watanawa, watakula, watakaa na wafiwa mpaka jioni. Na jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nusu ile ya mbolea ilishaanza kutoa moshi wake, ule usioonekana, unaoingia puani kama pilipili na kukutoa machozi. Siku za kawaida mlango hufungwa kidogo tu na kufunguliwa, hewa inapita. Maji yangu yalikuwa kwenye dumu, dumu liko nje, kivulini. Nililiweka kivulini lisipate moto.

"Mzee Swamadu, hapo nakupata," Aziz akasema redioni. "Picha mbili. Nakuona umekaa. Geuza kidogo kulia. Ova."

Nikaruka mbele ya kamera. Nikapunga mikono yote miwili kama mtu anayesimamisha basi.

"Anapunga," Loisi akasema kutoka Iyula. "Na mimi nakupungia, baba. Habari za huko? Picha mbili na nusu."

"Hakuna nusu," Mwalimu Lusubilo akaingilia. "Alama ni kamili. Sema mbili au sema tatu."

"Basi mbili, Mwalimu. Lakini ni mbili nzuri."

"Mzee, geuza kulia. Ova," akasema Mwalimu.

Nikaonyesha mlango kwa kidole. Nikakutanisha vifundo vya mikono kama mtu aliyetiwa pingu. Nikajishika koo. Mtu mzima, ndevu nyeupe, nacheza ngonjera mbele ya kamera, jasho linanitoka mpaka kwenye viatu.

"Leo mzee wetu ana furaha," Aziz akacheka. "Mukwai, kuna harusi huko?" Mukwai ndilo neno lake la heshima la Kibemba, analo kwa ajili ya wateja wa Zambia na kwa ajili yangu.

Nikachana mfuko wa mbolea. Kwa ndani ni mweupe. Nikachukua kalamu nene, nikaandika NIMEFUNGIWA. Shule yangu niliisoma vipandevipande, huku darasa moja na kule nusu, lakini herufi kubwa naziweza. Nikaishika karatasi kifuani, mbele ya kamera.

Nikasubiri. Moyo ukaanza kunipanda kwa matumaini.

"Ameshika kitu cheupe," Loisi akasema.

"Ni kadi ya majaribio," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imefurahi. "Vizuri sana, Mzee. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia siku zote, mtu apime kwa kadi. Ishike hapohapo. Usitikise."

Na mimi nikaishika. Mtu kafungiwa, anaambiwa asitikise, naye hatikisi.

"Naona vimistari vyeusi," Aziz akasema. "Mwalimu, hayo si maandishi?"

"Ni mistari ya kupimia. Ipo mingapi?"

"Kama kumi."

"Kama, kama! Hesabu, bwana. Loisi, kwako ni mingapi?"

"Kwangu imeshikana. Naona kama uzio."

Nilitupa karatasi ile chini nikaikanyaga. Nikaandika nyingine, herufi kubwa zaidi, MLANGO tu. Wakaona uzio mfupi zaidi. Mwalimu akashukuru, akasema mistari michache inahesabika kirahisi.

"Lakini mbona hageuzi?" Loisi akauliza. "Tumemwambia kulia, picha haisogei. Ngoja nimpigie simu."

Nikaisikia simu yangu ikilia nje, juu ya jiwe. Ukuta wa bati tu kati yangu na ile simu. Nikasogea nikaweka sikio kwenye bati, bati likaniunguza, nikaliweka tena. Ililia mpaka ikachoka. Ikalia mara ya pili.

"Hapokei," Loisi akasema.

"Atapokeaje na kadi iko mikononi?" Mwalimu akamjibu. "Tumwache afanye kazi."

"Mimi nina mteja wa breki hapa," Aziz akasema. "Narudi."

Hapo ndipo niliogopa. Nilikaa sakafuni karibu na mlango, pale ambapo uwazi wa chini unaleta hewa nyembamba kama uzi, nikalaza shavu nikainyonya. Kichwa kilikuwa kinagonga. Katika maisha yangu sijawahi kulala chumba chenye mlango uliofungwa. Gesti za Kapiri na Ndola, kule Zambia, nilikuwa nakwenda kulala kwenye bodi ya lori na chumba nimekilipia. Na kilima hiki, bwana, nilikuja kwa wiki chache. Kila nilipowaambia nataka kuondoka, nataka nikaione Mpulungu tena, bandarini kule ziwani, Loisi alisema, "Sasa baba, sisi tutaonanaje?" Mwalimu alisema subiri kiangazi, mawimbi yametulia. Aziz aliniletea godoro jipya. Hakuna aliyenikatalia. Nikawa nabaki, naongeza siku, kila mtu ananipenda. Nikiwa nimelaza shavu pale sakafuni niliona kwamba komeo lile la nje si la leo.

Nikainuka kutazama mitambo. Skrini ndogo ilionyesha ninachorusha: kiti, mimi, na nyuma yangu kadi ya herufi. Nikaelewa tatizo. Hawa wananiona, ndiyo maana wametulia. Mzee yupo kitini, herufi zipo ukutani, chenga ni za kawaida. Ningeweza kufa pale mbele yao, wakanipa mbili.

Nikaibandua kadi ya herufi. Nikaigeuza nikaiweka chini ya mfuko wa mbolea, halafu mwenyewe nikajitoa mbele ya kamera. Kikabaki kiti kitupu na ukuta mtupu.

Haikuchukua muda.

"Kituo kinachorusha," Mwalimu akasema, na sasa ilikuwa sauti ya ubaoni, "kinarusha bila herufi. Kijitambulishe."

Ningejibu kwa redio ipi?

"Mzee Swamadu, kadi yako imeanguka. Irudishe. Ova."

"Na yeye mwenyewe hayupo," Loisi akasema. "Alikuwepo sasa hivi."

"Nimeshasema mara nyingi, kurusha bila herufi ni kosa. Tunaweza kunyang'anywa leseni wote. Kituo kinachorusha, kwa mara ya mwisho, jitambulishe!"

Nikaifunika kamera kwa kiganja, nikakiondoa. Nikaifunika tena. Halafu likanijia wazo, na sijui lilitoka wapi, labda kwenye moshi ule. Nikavua koti nikajifunika kichwani, nikapita mbele ya kamera kwa kunyata. Nikabeba betri ya akiba nikapita nayo. Nikarudi mikono mitupu, nikabeba redio ya zamani iliyokufa, nikapita nayo. Nikaishika kamera yenyewe nikaing'oa kwenye kigingi chake, nikaizungusha, ionyeshe dari, ukuta, sakafu, mlango.

"Toba!" Aziz alikuwa amerudi. "Wanaiba! Mwalimu, wanaiba mitambo! Wanabeba na kamera, ona, ona!"

"Na baba wa watu wamemfanya nini?" Loisi akapiga ukelele. "Mwalimu, nenda! Nenda, umemwona alivyojishika koo?"

Kumbe alikuwa ameona.

"Nakwenda," Mwalimu akasema. "Nampigia mwenyekiti." Na redio ikabaki inakoroma.

Nikaiweka kamera juu ya meza ikitazama mlango, nikakaa chini nikacheka. Kicheko kikaniumiza kifua. Nikajilaza tena kwenye uzi wangu wa hewa, nikangoja.

Waliwahi kweli. Nilisikia pikipiki ya Mwalimu inapanda kwa gia ya kwanza, na nyuma yake miguu, miguu mingi, inakimbia. Walitoka moja kwa moja kaburini. Mimi nikapiga mlango kwa viganja.

"Wamo!" mtu akapaza sauti. Alikuwa Dennis, mwenyekiti wa kitongoji. "Wamo humuhumu! Komeo liko chini! Shikilieni mlango, wasitoke!"

Nikasikia miili ya wanaume ikijibamiza kwenye mlango wangu kutoka upande wa pili. Kontena likatikisika.

"Ni mimi!" nikaita. Sauti ilitoka kama ya jogoo mwenye mafua. "Ni mimi, Swamadu! Fungueni!"

"Sikia anavyomuigiza mzee," mmoja akasema.

"Ni mimi Swamadu mwenyewe! Mwalimu! Lusubilo!"

"Anajua na majina," Dennis akasema. "Hawa ni wale wanaopeleleza kwanza. Tumewapigia polisi, leteni jiwe kubwa liwekwe hapa mlangoni. Mliobeba sepetu simameni mbele."

Walikuja na sepetu za kaburi. Nikaona: wakifungua kwa hasira, nitapigwa. Wasipofungua, nitapikwa. Nikasikia jiwe linaburutwa.

"Kama wewe ni Mzee Swamadu," Mwalimu akasema kwa taratibu, karibu kabisa na mlango, "taja herufi za kituo."

Nikazitaja. Zote, moja moja, kwa namna yetu ya redioni.

Halafu akasema, "Zimebandikwa ukutani humo. Hata mwizi anaweza kuzisoma."

Wallahi nilitamani kulia. "Nimezibandua mimi!"

"Mmesikia?" Mwalimu akawageukia watu. "Anakiri."

Nikateleza nikakaa. Nikasema tu, bila kupaza sauti, sijui nilikuwa namwambia nani, "Maji." Nikarudia. Kwenye macho nikaanza kuona chenga, zilezile za kwenye skrini.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke inakuja inahema, kanga zinapigapiga miguuni. Gwantwa.

"Kuna nini? Nani kavunja?"

"Hajavunja mtu, yumo ndani," Dennis akasema. "Tumemfungia."

"Mmemfungia nyinyi?"

"Komeo tumelikuta chini. Sisi tumeongeza jiwe."

"Mmelikuta chini." Akasogea mlangoni. "Hilo komeo nimelishusha mimi asubuhi nikienda mazikoni. Nilikuta mlango umerudishwa, nikaita, Babu! Babu upo? Hakuna aliyejibu, nikajua ameshatangulia, nikalishusha kwa ajili ya hao hao wezi."

"Sawa mama, na wezi wakaingia."

"Wakaingia, halafu?" Gwantwa akauliza. "Wakaingia, halafu nani akatoka nje akawashushia komeo? Mimi tena? Dennis, toa jiwe."

"Mama, subiri polisi..."

"Toa jiwe, mwanangu! Mmemuua mzee wa watu!"

Jiwe likaburutwa. Komeo likalia. Mwanga ukaingia wote kwa mkupuo, na mimi nikaangukia nje kwenye nyasi, katikati ya miguu yenye udongo mwekundu wa kaburi. Hewa ilikuwa baridi kama maji. Kulikuwa na watu kama wa harusi nzima, wanaume wamevaa makoti ya mazikoni, wameshika sepetu, hakuna aliyejua afanye nini na sepetu yake.

Gwantwa alinimiminia nusu ya dumu kichwani, nusu nyingine akanishikia nikanywa. "Babu, mimi nilikuita," alikuwa anasema. "Mbele ya Mungu nilikuita."

"Redio," nikamwambia. "Sauti ya redio ilikuwa juu."

Mwalimu Lusubilo alichuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Ile kadi," akasema. "Ile mistari kumi."

"Ilikuwa maandishi, Mwalimu."

"Yalisemaje?"

"Yalisema nimefungiwa."

Akanitazama, kisha akatazama udongo. Kijasho kikamtoka juu ya mdomo. Nadhani alitaka kuniomba radhi, lakini macho yake yalikuwa yameshapita bega langu, yako ndani ya kontena, kwenye kale kataa kekundu ka mtambo. "Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "bado tuko hewani. Bila herufi."

"Nenda basi."

Akaingia. Nikamsikia anafukua mifuko, akaipata kadi, akaisimamisha mbele ya kamera. Akaichukua redio ya mkononi pale jiweni, akarudi nayo ndani, akaketi kando ya kadi, akanyoosha kola. Kisha akaunyooshea mlango mkono, auvute.

Sikupanga. Nilikuwa bado nimekaa chini, nimeegemea kontena, kanga ya Gwantwa mabegani. Nilinyoosha mguu tu, nikauweka kati ya mlango na fremu.

"Mzee, toa mguu nifunge. Picha itaharibika."

"Siutoi."

"Ni dakika moja tu, nitoe herufi nifunge kituo."

"Toa herufi mlango ukiwa wazi. Na kesho mtafute mtu mwingine wa kukaa humu."

Hakubishana. Aliinua redio akawaambia Aziz na Loisi kwamba hakuna wezi, Mzee ni mzima, maelezo yatafuata, na sasa anatoa herufi za kituo. Akazitoa. Akaomba alama, kama kawaida.

"Picha moja," Aziz akasema. "Mwanga mtupu."

Ikawa zamu ya Loisi.

"Mwalimu," akasema, "alama nitakupa baadaye. Hapo mlangoni naona kiatu. Ni cha baba?"

Mwalimu akageuka akakitazama kiatu changu. "Ndicho," akajibu.

"Mwambie asikitoe."